Mikono Ni Ile Ile

Nikisikia mtu anatamka neno kipaji, huwa natafuta kitu cha kushika ili nisimshike yeye. Mnalisema kwa mdomo mtamu kama mnamsifu mtu, kumbe mnamwibia. Dada yangu alisifiwa kipaji miaka nenda miaka rudi, na mwisho wake alitimuliwa kazi kwa kosa la kuwa nacho na kushindwa kukitumia. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitaeleza kwa upole, maana upole nimeutafuta nikaukosa.

Dada ni dobi. Tulifanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, upande wa nyuma kabisa, jirani na boila. Wagonjwa waliolala wodini hawajui kama chumba hicho kipo. Wanajua tu kwamba shuka huondoka chafu likarudi safi. Mle ndani kuna mashine za kufulia zilizobanduka rangi, kikaushio kinachopiga kelele kama kimemeza kijiko, na pasi ya mvuke ndefu kama kitanda. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika ncha, wanalikung'uta, wanalivuta, kisha wanakutana katikati. Mimi na Dada tulikuwa tukikutana hivyo tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka, na mengi tuliyoambiana maishani tuliambiana tukiwa tumeshika shuka.

Dada ni mrefu. Huo ndio msiba wake. Watu humwita Mlingoti, na kila anayemwona kwa mara ya kwanza husema, "Huyu kazaliwa kucheza." Hakuzaliwa kucheza! Mimi nililala naye kitanda kimoja tulipokuwa wadogo, namjua. Alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu wenyewe. Shuleni, mwalimu wa michezo alimsimamisha chini ya goli la mpira wa pete kwa sababu kila akikimbia aligongana na wenzake. Alimweka pale kama mtu anavyosukumia kabati kwenye kona lisizuie njia. Siku ya kwanza mpira ulimpiga usoni, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Alirudi nyumbani akatwaa ukingo wa ndoo iliyotoboka, akaugongomelea ukutani nyuma ya jiko, akaanza kurusha. Kwanza mpira wa matambara, baadaye mpira uliopasuka ambao shule ilikuwa inautupa. Alirusha mpaka chokaa ikabanduka, na mama akamwambia, "Ukuta huu ukianguka utasimama wewe mahali pake, maana urefu unao." Alirusha mvua ikinyesha. Alirusha akiwa na homa. Akikosa haondoki, anasimama pale pale, anatazama vidole vyake kuona ni kipi kilichoachia mpira mwisho, halafu anarudia. Mimi ndiye niliyekuwa namwokotea mpira, na nilichukia kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Kwa hiyo mtu akiniambia dada yangu alizaliwa nacho, namuuliza yeye alikuwa wapi wakati mimi nainama kuokota.

Hospitali ilimchukua kwa sababu ya mikono hiyo. Kulikuwa na ligi ya taasisi: hospitali, posta, magereza, benki, na kila taasisi iliajiri wachezaji kwa jina la makarani, wapishi, madereva au madobi. Mchana unafanya kazi, jioni uko uwanjani, na mkataba wako unaongezwa kila mwaka timu ikiendelea kukuhitaji. Usipocheza, huna kazi. Kila mtu alijua hivyo na hakuna aliyeona ubaya, hasa miaka ile vikombe vilipojaa kwenye kabati la mapokezi. Mkataba wa Dada ndio uliolisha nyumba yetu: mama, watoto wawili wa Dada ambao baba yao alishafariki, na mimi, niliyepata kibarua cha kufua kwa mgongo wake.

Halafu akaja mkurugenzi mpya.

Sikumchukia siku ya kwanza. Alikuwa mtu wa kusalimia, viatu vyake vinang'aa, anacheka na kila mtu. Lakini alikuwa na wazo moja kichwani, na mtu mwenye wazo moja ni hatari kuliko asiye nalo kabisa. Alisema mpira wa pete ni mchezo wa zamani, hauna wafadhili, televisheni haiutaki. Uwanja wetu ukamwagiwa zege. Nguzo za pete zikang'olewa, zikasimikwa nyingine nene zenye ubao. Kisha akatukusanya kantini, wachezaji na wasio wachezaji, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo timu ya pete ni timu ya kikapu.

"Mpira ni mpira," alisema. "Pete ni pete. Mikono ni ile ile. Mtu mwenye kipaji hana mchezo mmoja. Mimi chuoni nilikuwa nacheza tenisi. Siku moja nikajaribu ile ya mezani, nikawapiga wote!" Akamtafuta Dada kwa macho, na Dada hatafutwi kwa shida. "Wewe, Mlingoti, ndiye tegemeo langu. Kwenye pete ulikuwa unafunga bila ubao. Sasa umewekewa na ubao! Hii kwako ni kazi ya kumsukuma mlevi."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa meza ya nyuma, nikasema, si kwa sauti kubwa sana lakini si ndogo pia, "Basi na daktari wa meno apasue matumbo. Udaktari ni udaktari, mikono ni ile ile."

Meza ya manesi ilipasuka kwa kicheko. Mkurugenzi alitabasamu kwa meno tu. Dada alinikanyaga mguu chini ya meza, na tulipokuwa tunarudi kazini akaniambia, "Mdogo wangu, hasira hasara."

"Na upole je? Umekupa faida gani?"

"Umetulisha," alisema, akaingia ndani kuwasha kikaushio.

Sasa nieleze, maana wengi waliokuwa wakipiga kelele jukwaani hawakujua walichokuwa wanakitazama. Kwenye mpira wa pete, ukidaka unaganda. Mguu uliotua umetua. Huruhusiwi kutembea na mpira, huruhusiwi kuudunda, na adui yako anasimama mbali nawe karibu urefu wa mkono, hakugusi. Unapata nafasi ya kuvuta pumzi na kulenga, kisha unaurusha juu sana ili uangukie kwenye pete kutoka mbinguni. Dada alikuwa amefanya hivyo zaidi ya nusu ya maisha yake. Miguu yake ilijua sheria kabla kichwa hakijaamka. Kwenye kikapu akidaka mpira anaganda vile vile, na msichana wa timu nyingine anapita na kuuchukua mikononi mwake, kirahisi kama anaomba chumvi. Akiwahi kurusha, anarusha taratibu kama alivyofunzwa, na mkono wa mtu unatokea usoni pake na kuupiga mpira hadi kwenye benchi.

Tena hilo lilikuwa dogo. Mfungaji wa mpira wa pete ana sehemu yake ya uwanja. Haruhusiwi kuvuka mstari kwenda katikati hata kidole. Kwenye kikapu wote watano wanakimbia kwenda na kurudi. Dada alikuwa anakimbia na wenzake vizuri tu, halafu anafika mahali fulani anasimama ghafla, vidole vya viatu vimepangwa sawasawa kwenye mstari ambao haupo. Mstari ule ulikuwa umefukiwa chini ya zege. Ni yeye tu aliyekuwa anauona. Huku nyuma wenzake wanafungwa, na jukwaani watu wale wale waliomshangilia miaka yote wanapiga kelele, "Mvivu! Anaringa! Amezeeka huyo!"

Kocha, kijana mmoja mpole asiye na sauti mbele ya mkurugenzi, alimuuliza, "Dada, mbona unasimama?"

"Sisimami," Dada akasema. "Nasimamishwa."

Nilimuuliza siku moja tukiwa tumeshika shuka. Nilimwambia, mbona wale wasichana wapya, wasiojua hata kudaka, wanakupita kujifunza? Alilivuta shuka upande wake akafikiri. "Wao wanahamia nyumba tupu," alisema. "Mimi kuna mtu anaishi humo. Inabidi nimtoe kwanza, na hatoki, maana ndiye mwenye nyumba."

Hakukata tamaa, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alianza upya kama mtoto wa shule ya msingi. Alikuwa anadunda mpira kwenye ujia kati ya mashine na mapipa ya nguo chafu, anakwenda anarudi, mpaka mzee wa boila akatoa kichwa dirishani: "Mlingoti, boila yangu ikipasuka, nitawaonesha wewe!" Mzee huyo huyo akamtania kwamba samaki mkunje angali mbichi, na yeye alishakauka zamani. Dada akacheka. "Hata samaki mkavu ukimloweka analainika, mzee. Nipeni muda wa kuloweka tu."

Muda ndio kitu pekee alichoomba, na wale wote waliomjaza sifa hawakuwa nao.

Mechi iliyomaliza kazi yake ilikuwa dhidi ya posta. Mkurugenzi alialika wageni, akawapanga kwenye viti vya mbele na chupa za maji. Tulikuwa tumewakaribia sana posta, na muda ulikuwa unakwisha. Mpira ukamponyoka mmoja wao, Dada akaudaka karibu na katikati ya uwanja. Mbele yake hapakuwa na mtu. Hata mmoja! Njia nyeupe mpaka kwenye kikapu. Kilichotakiwa ni kuudunda mpira na kwenda. Niliona bega lake likianza kwenda. Niliona kabisa. Halafu mguu ukakataa. Alisimama pale ameukumbatia mpira kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake, anatafuta kwa macho nani ampasie, na kabla hajampata walishamzunguka. Filimbi ikalia. Uwanja mzima ulicheka. Si kuzomea, kucheka, na hicho kicheko nilikijua. Ni kile kile cha shuleni, ila hawa walikuwa watu wazima wenye kazi zao.

Kesho yake mkurugenzi alishuka chumba cha kufulia. Alikuwa hajawahi kufika huko tangu aajiriwe, hata siku bomba lilipopasuka tukafua tumesimama ndani ya maji. Alitukuta tumelikamata shuka, mimi ncha hii, Dada ile.

"Mlingoti, umeniaibisha mbele ya wageni," alisema. "Asiye na kipaji akishindwa namwelewa. Wewe unacho, kila mtu anajua unacho. Ukishindwa wewe, maana yake umekusudia."

"Sikukusudia, Mkurugenzi," Dada alisema. "Ni mchezo mwingine. Nimeanza kuushika. Nipe msimu mmoja zaidi."

"Kipaji hakihitaji msimu."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nilisikia kwa masikio yangu, na mvuke wa pasi unanipiga usoni. Miaka yote ya kurusha kwenye ukingo wa ndoo haikuwa kazi yake, ilikuwa zawadi aliyopewa. Lakini kushindwa kwa miezi michache, hiyo ilikuwa kazi yake, kaifanya kwa makusudi. Mkifanikiwa ni kipaji, mkishindwa ni uvivu. Sasa mtu mwenyewe anaingia wapi hapo?

Alimwambia mkataba wake hautaongezwa. Kisha akageuka akanitazama, kuanzia viatuni kupanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, kama mtu anayechagua mbao.

"Na huyu?"

"Mdogo wangu," Dada alisema.

"Unacheza nini?"

"Sichezi kitu," nilisema. "Sijawahi, sitaki."

"Urefu ule ule," alisema, na macho yakamng'aa. "Mtoto wa nyoka ni nyoka! Damu moja hiyo. Jioni njoo uwanjani. Ukiingia kwenye timu, nafasi ya dada yako ni yako." Akatoka akiwa ameshafurahi, anapangusa mvuke kwenye miwani.

Kwanza kipaji kilihama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, sasa kinahama kutoka mtu kwenda mtu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuchagulii na wa kukurithi. Ncha yangu ya shuka ilikuwa imeanguka sakafuni.

"Okota," Dada alisema. "Litabidi lifuliwe upya."

"Siendi! Heri nikaombe mitaani. Siendi kuvaa viatu vyako ukiwa hujavivua."

"Na wanangu wale nini? Hasira yako?" Hakupandisha sauti. "Utakwenda. Jioni hii hii."

Nilikwenda. Kocha alinitazama mara moja akaniweka benchi, na alikuwa sahihi, maana nilikuwa sijui chochote. Dada naye aliondoka hospitali akawa anapiga pasi nguo za majirani pale nyumbani, na kila nilipotoka mazoezini nilimkuta uani ananisubiri na mpira.

Msifikirie lilikuwa jambo tamu la ndugu wawili. Tulitukanana. Alinikimbiza pale uani mpaka nikatapika, na nilipokaa chini alinipiga mpira mgongoni. Lakini alijua. Kila kosa nililotaka kulifanya, yeye alishalifanya mbele ya watu na kuchekwa, kwa hiyo aliliona likija tangu mbali. "Usidake ndiyo ufikirie," alikuwa anasema. "Amua mpira ukiwa bado hewani. Ukishafika mikononi umechelewa, mimi ndiye ninayekwambia." Alinifundisha kusukumana, kitu alichokichukia. Alinifundisha ubao, ambao yeye hakuweza kuuzoea. Mimi nilikuwa nyumba tupu. Miguu yangu haikuwa na sheria ya zamani ya kuvunja, basi nikawa nafanya aliyoyaelewa yeye na mwili wake ukamkatalia. Ilimuuma kunitazama. Najua, kwa sababu nikifanya vizuri aligeukia ukutani akijifanya anaanua nguo.

Msimu uliofuata nilitolewa benchi. Sikuwa bingwa, msiniwekee maneno. Nilikuwa mchezaji wa kawaida aliyefundishwa vizuri. Lakini mechi ya marudiano na posta, nilipora mpira karibu na katikati, nikakimbia nao, nikaugonga kwenye ubao ukaingia, na tukatwaa kombe. Jukwaa likalipuka. Na mnajua walipiga kelele gani? "Damu! Damu! Kipaji cha ukoo!"

Mkurugenzi alishuka na wageni wake, jasho la furaha linamtoka. Alinishika mkono akawageukia wao. "Hamkuniamini. Huyu alikuwa anafua mashuka, hajawahi kugusa mpira. Nilimtazama mara moja tu nikajua. Kipaji hakijifichi."

Hakuuliza nani aliyenifundisha. Ningemsamehe mengi kama angeuliza.

Niliubana mkono wake asiutoe. Nikamwambia mbele ya wageni, neno kwa neno, "Mkurugenzi, mimi sina kipaji chochote. Unachokiita kipaji changu kile pale, kimekaa jukwaani, kimevaa sweta la bluu. Kilinifundisha mpaka nikatapika. Wewe ndiye uliyekifukuza kazi, ukasema kimekusudia kushindwa."

Wageni walitazama jukwaani, wakanitazama mimi. Mkurugenzi akaangua kicheko, cha kweli kabisa, kilichotoka tumboni.

"Mnamsikia?" alisema. "Mwenye kipaji ni mwenye kipaji! Hata uchekeshaji anao!"

Wote wakacheka, mmoja akanipigapiga begani, wakaondoka kwenda kupiga picha na kombe. Nilibaki nimesimama kwenye zege na mkono wangu umenyooka.

Nilipanda jukwaani kwa Dada. Watu walikuwa wanamaliza kutoka.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Yote."

"Akasemaje?"

"Kacheka. Kaniambia nina hata kipaji cha kuchekesha."

Nilifikiri ataniambia hasira hasara. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwona dada yangu amekasirika. Ni mimi niliyekuwa nakasirika kwa niaba yetu wote wawili. Ngumi zake zilikuwa mapajani, na taya lake likaanza kucheza. Machozi yalimtoka bila kufumba macho.

"Mtu akipewa kitu kisha akanyang'anywa, si anasema aliyenipa atanipa kingine?" alisema. Sauti yake ilikuwa inatisha. "Mimi sikupewa. Hakuna aliyenipa! Sasa nikamwambie nani anirudishie?"

Mfagizi alikuwa ameshafika safu yetu na ufagio, akasimama kutusubiri. Dada hakunyanyuka, na mimi sikumwambia anyanyuke.